Rupia Arobaini za Nyang'au

Katika soko la Chepilat nimenyamaza mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa dhambi. Ya pili sijaitubu mpaka leo, na mchungaji akitaka asubiri.

Jina langu ni Gichana, fundi wa nguo. Kwa miaka kumi na moja cherehani yangu ilikaa barazani pa duka la Ratemo. Baraza hilo nililipia kodi kila mwezi, na juu ya kodi nikamshonea suruali za bure, ambazo mwaka uliofuata zilimbana kwa sababu alikuwa ananenepa kwa jasho letu. Nasema haya mapema ili usije ukadhani nitamtaja kwa upole. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, anafunga duka Ijumaa kabla jua halijatua, na Jumapili asubuhi anafungua tena na kuanza kuiba.

Lakini habari hii si yake. Ni ya Mellen Bitutu, mama yake Phelis, mwanamke mwembamba, mpole wa maneno, aliyekuwa na kumbukumbu ndefu kuliko barabara ya Kericho.

Mwaka wa 1970 mume wake alikuwa ametimiza miaka miwili kaburini, na shemeji zake walikuwa wamekwisha gawana shamba lake. Mellen alibaki na mtoto, jembe na kikapu cha kuchumia majani chai. Alichuma katika mashamba ya watu akalipwa kwa kilo, na alilala katika chumba cha kupanga nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga. Kisha mtu mmoja aliyekuwa anahamia Fort Ternan akamwambia atamwachia nusu eka yake kwa shilingi mia nane. Nusu eka hiyo ilikuwa na miche ya chai iliyokwisha kushika, na kona tambarare inayotosha nyumba. Mellen alikuwa na mia tano. Akapewa mpaka Ijumaa kutafuta zilizobaki. Siku hizo alikuwa akipita barazani kwangu akinieleza mahali atakapoweka jiko na mahali ambapo yeye mwenyewe atazikwa, maana mwanamke asiye na shamba hajui hata atakapozikwa.

Ndipo alipozikumbuka rupia za baba yake. Mzee Nyang'au alichukuliwa katika vita ya kwanza kubebea jeshi mizigo mpaka nchi ya Mjerumani. Alirudi bila vidole viwili vya mguu, na rupia arobaini za fedha. Serikali ilipoondoa rupia na kuleta shilingi, watu walikwenda kubadilisha; yeye akakataa, akasema serikali imekwisha mgusa mara moja na inatosha. Akazifukia ndani ya chungu chini ya ghala la wimbi. Rupia ya kwanza kabisa aliyolipwa alikuwa ameipiga panga ukingoni mara mbili, apate kuona kama ni fedha mpaka ndani au wamempaka rangi tu. Alipokaribia kufa alimpa Mellen chungu hicho, si watoto wa kiume, kwa sababu Mellen ndiye aliyemwosha na kumlisha.

Alizileta kwa Ratemo siku ya Jumatano ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Zilikuwa nyeusi, zina harufu ya udongo. Nilisimamisha cherehani nitazame.

Ratemo alizipindua kwa kidole kimoja. "Hii pesa ilikufa, Mama Phelis. Hata posta haiwezi chukua. Lakini kwa vile ni wewe, nitanunua kama chuma. Kwa kilo."

"Ni fedha, mzee. Baba alisema ni fedha mpaka ndani."

"Hata fedha iko na bei yake kwa gazeti. Mimi sitoi hiyo bei kwa kichwa yangu."

Akaleta mizani. Sasa nikueleze kuhusu mizani hiyo. Ilikuwa na sahani mbili, na chini ya sahani ya kushoto Ratemo alikuwa amebandika donge la nta, ambalo mimi nililiona siku aliponiomba nimshikie mizani akifagia meza. Akikuuzia sukari, sukari inakaa kushoto, nayo inaonekana nzito. Akinunua kitu kwako, mawe ya mizani yanakaa kushoto, na kitu chako kinaonekana chepesi. Rupia za Nyang'au zilikaa kulia.

Alimhesabia shilingi tisini na sita. Mellen alizishika mkononi, akageuka akanitazama pale barazani.

"Gichana, wewe unakaa hapa kila siku. Hii bei iko sawa?"

Nilikuwa najua mambo mawili. Nilijua habari za nta. Nilijua pia kwamba wiki iliyopita mzungu mmoja, injinia wa kiwanda cha majani chai upande wa Sotik, alisimamisha gari akamuuliza Ratemo kama kuna watu wenye pesa za zamani, na kwamba alikuwa tayari kulipa vizuri. Nilimtazama Ratemo. Ratemo hakunitazama mimi, aliutazama mguu wa cherehani yangu pale ulipokuwa umesimama juu ya saruji yake.

"Mama, mimi ni fundi wa nguo tu," nikasema.

Akaenda. Ijumaa ikafika, mia mbili na nne zikakosekana, na nusu eka ikachukuliwa na mtu mwingine. Jumapili yake Ratemo alipanda basi na rupia zile arobaini, na injinia akachagua kumi na tatu akazinunua. Alirudi akicheka mpaka kitambi kinatikisika.

"Wazungu ni wajinga, Gichana. Sonara wa Kisumu ananipa shilingi tatu kwa moja, ayeyushe. Huyu amenipa kumi na tano. Na moja hivi ya 1911 amenipa mia. Mia! Kitu ni ile ile!"

Hiyo ndiyo elimu yote aliyoipata Ratemo juu ya biashara ile: kwamba bei mbili zinatofautiana kwa sababu kuna mjinga. Hakuuliza zaidi, na mimi nashukuru sana kwamba hakuuliza.

Mellen, baada ya kukosa shamba, alitafuta kazi ya nyumba. Alizunguka mwezi mzima, akapata kwa huyo huyo injinia, bila kujua lolote. Alipika, alifua, alifuta vumbi. Siku moja akifuta meza ya kuandikia alikuta droo wazi, na ndani kitambaa cha kijani kimepangwa rupia. Nyingi zilifanana na rupia zote za dunia. Lakini moja ilikuwa na tembo mdogo kifuani pa mfalme, na tembo huyo alifanana na nguruwe. Mellen alikuwa amemcheka nguruwe huyo tangu utotoni, baba yake alipokuwa akifukua chungu kuwaonyesha watoto. Akajua anatazama mali ya Nyang'au.

Alifanya nini? Alifanya ambalo mama yeyote wa kwetu angefanya akikuta kitu cha thamani kimechafuka. Kwetu mwanamke hupimwa kwa sufuria zake. Zikikaa nyeusi, hata mama mkwe hatakula. Akaichukua ile rupia ya tembo mpaka jikoni, akaisugua kwa majivu na gunzi la mahindi, akaongeza ndimu, mpaka ikawaka kama kijiko kipya. Alitaka tu kumwona nguruwe vizuri, ndivyo alivyoniambia. Akairudisha kwenye kitambaa akiwa amefurahi.

Injinia aliporudi alikaa kwenye kiti akashindwa kusema. Kisha akamwita.

"Mellen, hii pesa nilinunua shilingi mia, kwa ile duka ya Chepilat. Leo asubuhi ilikuwa mia. Sasa iko fedha tu. Shilingi tatu."

Mellen aliniambia kwamba hakusikia habari ya kuharibika. Alisikia mia. Yeye alipewa tisini na sita kwa arobaini, na hapa moja peke yake ilikuwa mia.

Akamwomba amweleze. Na yule mzungu, sitamnyima haki yake, alieleza vizuri, kwa mfano wa chai. "Kiwanda inanunua majani kwa mkulima kwa senti. Chai ikishakauka inaenda mnada, inauzwa kwa masanduku, hiyo ni bei ya jumla. Halafu wewe unanunua pakiti kwa duka. Pakiti iko bei ya juu sana, lakini majani ni ile ile. Kwa nini? Kuna mtu alichagua, mwingine alifunga, mwingine alibeba, na duka iko na kodi. Bei ya fedha ya gazeti ni bei ya sanduku, ya vipande kubwa kubwa huko London. Pesa moja moja ni pakiti. Mtu wa kukusanya analipa juu ya chuma kwa sababu ya mwaka, kwa sababu ziko chache, kwa sababu hakuna mtu ameziharibu. Ule weusi ndio unaonyesha hakuna mtu ameziharibu. Ukisugua, umepasua pakiti ukamwaga. Inabaki majani."

Mellen akamwambia rupia zile zilikuwa za nani. Injinia akasema pole. Alisema pole kwa moyo, naamini, na mwisho wa mwezi akamkata nusu mshahara kwa ajili ya ile aliyosugua.

Jumapili iliyofuata Mellen alikuja barazani, akakaa kwenye kigoda changu cha wateja.

"Ulijua," akasema. Haikuwa swali.

Nikamwambia yote. Habari za injinia, na za nta chini ya sahani ya kushoto. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana mnakuwa mmemaliza.

"Basi kaa na hiyo maneno," akasema. "Usiambie mtu. Iko siku nitataka unyamaze tena, na hiyo siku utanyamazia mimi."

Miaka mitatu ikapita. Alinunua sukari kwa Ratemo kila wiki, akamsalimu, akamuuliza hali ya mke na ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka. Nilimuuliza anawezaje kumchekea mtu yule, naye akasema kuku hakamatwi na mtu anayemwonyesha kisu. Basi nikaendelea kushona, na kila nilipompima Ratemo kiuno nilitamani kuikaza ile tepu.

Mwaka wa 1974 redio ikaanza kutangaza kwamba bei ya fedha imepanda duniani. Mwezi wa nane akapita mfanyabiashara wa Nairobi, Phelix, kijana wa suti ya kahawia na kioo cha kukuzia vitu anachokibana jichoni. Ratemo alimwonyesha rupia sita. Phelix alizitazama moja moja, nyeusi vile vile zilivyotoka chunguni, akasema atarudi Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, na atatoa shilingi thelathini na tano kwa kila moja, hata ziwe mia ngapi.

"Lakini zote ziwe kama hizi nimeona leo," akasema, akaingia kwenye gari.

Ratemo aliuza ng'ombe wawili. Akazunguka Ndanai, akavuka kwenda kwetu Kisii, akawafukulisha akina mama vyungu vya waume wao waliokufa. Mwanzoni alitoa shilingi tano. Habari zilipoenea akalazimika kutoa kumi kumi, moja moja, bila mizani, na kila alipotoa kumi alinung'unika kama mtu anayeng'olewa jino. Mwezi wa tisa ulipokwisha alikuwa na rupia mia tatu kwenye debe. Ishirini na saba kati yake zilikuwa za Nyang'au, zile ambazo hazikwenda kwa injinia. Ile iliyopigwa panga ilikuwamo. Injinia alikuwa ameikataa kwa sababu ya jeraha lake.

Jumatano kabla ya siku ya Phelix, Ratemo alimwaga debe mezani, akakunja pua. Alikuwa mtu wa kupenda kung'aa, viatu vyake vyeusi vya kanisani ungeweza kujitazamia uso. Mellen alikuwa dukani ananunua chumvi. Akamwita.

"Mama Phelis, wewe umekaa kwa yule mzungu. Yeye anaweka vitu yake aje? Hizi zimechafuka sana."

"Kwa yule kila kitu inang'aa, mzee," Mellen akasema. "Vijiko, vikombe, mpaka kufuli ya mlango."

"Na pesa zake?"

"Nilimwoshea moja. Hiyo siku alishindwa hata kusema."

Hakuna neno la uongo hapo. Yapime upya maneno yake ukitaka.

Ratemo akacheka. "Basi nioshee zangu. Nitakulipa."

"Utanilipa aje?"

"Kwa kilo. Shilingi kumi kwa kilo."

"Kwa kilo ni sawa," Mellen akasema. "Tumezoeana kwa kilo."

Ratemo akazipima. Hata hapo hakuweza kujizuia, mawe yakakaa kushoto, na rupia za kilo tatu na nusu zikawa za kilo tatu na robo. Kisha, Mungu ndiye shahidi wangu, alinigeukia mimi na rupia moja mkononi. Nafikiri kuna sauti ndogo ilimwambia kitu.

"Gichana, wewe unaonaje? Zioshwe?"

Mellen alikuwa anafunga chumvi yake kwenye kitambaa. Hakuinua uso.

"Mzee, mimi ni fundi wa nguo tu," nikasema.

Mellen alizisugua siku mbili kule mtoni, pamoja na Phelis, kwa majivu, mchanga laini na magunzi. Alhamisi jioni nilikwenda kuwaona. Mikono yao ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko. Zilizokwisha zilikuwa zimeanikwa juu ya gunia, zinawaka zote, na nyuso za wafalme zimelainika kwa mchanga. Mellen alikuwa ameishika ile ya panga.

"Hata za baba?" nikamuuliza.

"Nikizitenga atajua." Akachota majivu. "Baba atanisamehe. Yeye mwenyewe ndiye alianza kuipiga."

Akaisugua kama nyingine. Alikuwa anasugua kwa nguvu, na alikuwa analia bila kusimama, na nilifurahi. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi.

Jumapili Ratemo alivaa viatu vya kanisani. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akapanga rupia mistari kwa mistari, akawaruhusu watu waingie watazame, maana mtu akitajirika hutaka mashahidi. Duka likajaa. Mellen alisimama karibu na gunia la sukari, na shilingi thelathini na mbili na nusu alizolipwa na Ratemo zimefungwa kwenye ncha ya leso yake.

Phelix aliingia, akasimama. Akachukua rupia moja, akabana kioo jichoni. Akachukua ya pili, ya kumi. Akapiga hatua mpaka mwisho wa meza, akaangalia mstari wa mwisho hivyo hivyo. Kisha akatoa kioo jichoni, akakitia mfukoni.

"Nani alifanya hivi?"

"Tumesafisha, bwana," Ratemo akasema akitabasamu. "Kwa heshima yako."

Phelix akaangalia duka, akaona kile alichokuwa anakitafuta juu ya rafu.

"Leta mizani," akasema.

Nimesikia maneno mengi matamu maishani mwangu, na mke wangu alinikubali kwa sauti nzuri sana, lakini hayo ndiyo matamu kuliko yote.

Ratemo alibisha. Alitaja thelathini na tano, alitaja ng'ombe wake wawili. Phelix akamjibu bila hasira kwamba watu wake hawatagusa rupia iliyosuguliwa, kwamba hizi sasa zinakwenda kuyeyushwa, na kwamba kwa uzito atatoa kama shilingi saba kwa moja. Akitaka kwenda kwa sonara wa Kisumu aende, atapata sita. Nyingi Ratemo alikuwa amezinunua kwa kumi. Jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa.

Akaleta mizani. Nikaona mkono wake unaizungusha polepole, ili rupia zikae kushoto, juu ya nta, zionekane nzito.

"Mzee," Mellen akasema kwa upole ule ule wa kununua chumvi. "Mtu akikuletea pesa ya zamani, mawe yanakaa kushoto. Mimi ulinipimia hivyo. Hata Jumatano ulipima hivyo."

"Hata mimi," akasema mama mmoja wa Ndanai, aliyewahi kumuuzia bangili.

"Na mahindi yangu," mwingine akasema.

Phelix akanyanyua macho. Watu walikuwa wanamtazama Ratemo mikono. Angeweza kusema kwamba kushoto kuna kasoro, lakini angekuwa ameungama mbele ya soko zima. Mwosha huoshwa. Akaigeuza mizani kwa mikono yake mwenyewe, akaweka mawe kushoto. Rupia zikapimwa kwa mafungu, konzi kwa konzi, kwa sababu sahani ilikuwa ndogo, na kila fungu nta ilichukua sehemu yake. Hata saba haikufika.

Phelix alipokuwa anazitia kwenye mfuko, Mellen akamsogelea.

"Bwana, kuna moja iko na alama mbili za panga. Niuzie."

Akaitafuta, akaipata. "Mama, mimi nimenunua jumla. Wewe unachukua moja. Nitakuuzia kumi na mbili."

Mellen akacheka. Katika miaka minne ile sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti. "Najua. Rejareja iko na bei yake," akasema, akafungua ncha ya leso, akamlipa kwa pesa za Ratemo.

Shamba halikurudi. Nasema wazi kwa sababu watu hupenda kuniuliza. Nusu eka ile ina mwenyewe, chai yake sasa inafika kiunoni, na Mellen huichuma siku nyingine kwa kikapu, akilipwa kwa kilo. Zile ishirini na sita za baba yake ziliyeyushwa pamoja na zote. Ratemo hakufa wala hakufilisika, ila watu walianza kuja dukani na mizani zao. Mwezi ule ule alinifukuza barazani, nami nikahamisha cherehani upande wa pili wa barabara, mahali ninapouona mlango wake vizuri.

Ile ya panga Mellen aliitundika kwa uzi juu ya mafiga, na moshi umeirudisha nyeusi. Mwaka jana Phelis alipokuwa anaolewa, alisimama juu ya kigoda na kitambaa chenye majivu, aifute kabla wageni hawajaingia. Mama yake akamshika mkono.

"Iache," akasema. "Hiyo nililipa bei yake yote."